Pumzi katika Zikri: Wazee Wetu Walijiandaa Vipi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Kijana mmoja wa chuo alimwambia baba yake kwamba amealikwa kwenye kikao cha kupumua. Watu hulala juu ya mikeka, mwalimu huwaongoza kuhema kwa nguvu kwa muda mrefu huku muziki ukipigwa. Baba akakataa papo hapo. Kijana akauliza: "Mbona babu alikuwa akikohoa zikri mpaka usiku wa manane, na hukumkataza?" Mzee akakosa jibu, akalileta swali kwangu. Ni swali zuri, na jibu lake limo katika historia.

Hicho kikao cha kisasa si cha zamani sana. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili aitwaye Stanislav Grof, mzaliwa wa Prague, pamoja na mkewe Christina, walianzisha huko California njia ya kuhema kwa kasi kama tiba ya nafsi. Kabla ya hapo Grof alikuwa akifanya utafiti kwa dawa ya kulevya ya LSD. Ilipozuiwa na serikali, akaigeukia pumzi. Basi.

Kwa Waislamu habari ya pumzi imeanza mbali. Mtume (S.A.W.) alitukataza kupulizia pumzi ndani ya chombo tunapokunywa, na yeye alikuwa akinywa kwa kupumzika mara tatu. Hayo ni adabu ya kila siku, anayajua kila mtoto wa madrasa. Baadaye, huko Asia ya Kati, masheikh wa njia iliyokuja kuitwa Naqshabandiya, kuanzia kwa Abdul-Khaliq Ghijduwani, walifundisha kwamba mja asivute wala kutoa pumzi hali ameghafilika na Mola wake. Zikri yao ilikuwa ya moyoni, kimya kabisa. Misri, Ibn Ata'illah wa Iskandaria (aliyefariki 1309) aliandika kitabu kizima juu ya zikri. Naye Imam Sha'rani, aliyefariki 1565, alizipanga adabu za zikri kuwa ishirini: tano kabla ya kuanza, kumi na mbili wakati wa zikri, na tatu baada yake.

Hapa nawaomba tusimame kidogo, maana ndipo lilipo jibu la yule kijana. Miongoni mwa zile za kabla ni kutubia na kuoga au kutawadha. Wakati wa zikri, mtu avae nguo safi, akae mahali pasafi, na moyo wake uhudhurie yale yanayotamkwa na ulimi. Na zile tatu za baada: anyamaze na kutulia, aizuie pumzi yake kidogo kidogo, na asikimbilie kunywa maji. Wengi wetu tumeona kinyume chake: zikri ikikatika tu, watu wanagombea sharubati!

Zikri ya babu wa kijana ilitufikia kwa njia ya Barawa. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa huko mwaka 1847, alisafiri hadi Baghdad, kwenye kaburi la Sheikh Abdul-Qadir Jilani (aliyefariki 1166), akapata ijaza ya twarika ya Qadiriya. Alifika Unguja wakati wa Sayyid Barghash, akatoa ijaza kwa wengi. Aliuawa Biyoley, Somalia, mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, waliivusha twarika kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika kuja kwetu huku na kuingia Kasongo. Wabelgiji hawakuipenda, waliwatilia shaka watu wenye kiapo kwa sheikh asiyejulikana na serikali.

Na waliobeba njia hii hawakuwa mabwana wakubwa tu. Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, alichukuliwa akiwa mtoto kutoka Kongo ya mashariki na kupelekwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa mkubwa wa Qadiriya mpaka kufariki kwake mwaka 1931. Ziyara ya Bagamoyo inatokana naye. Ndani ya duara la zikri aliyekuwa mtumwa alisimama bega kwa bega na aliyekuwa bwana, na pumzi yao ilikwenda pamoja. Ndiyo maana babu zetu waliipenda.

Duara huanza kwa Fatiha na tahlili, polepole. Khalifa ndiye anayeongeza mwendo. Jina la Mwenyezi Mungu hukazwa na kufupishwa mpaka husikiki ila mshindo wa kifua, na ndiyo sababu ikaitwa zikri ya kukohoa. Wanavyuoni hawakukubaliana juu yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), ambaye ndiye aliyetuhifadhia habari za maisha ya masheikh wengi wa Kishafii wa pwani, alikuwa miongoni mwa waliopinga mengi ya mambo haya katika kitabu chake Bid-a. Mimi naona hoja yao ina uzito: jina la Allah likishapoteza herufi zake, kinachobaki ni kuhema. Lakini sitamwita babu wa mtu mpotevu kwa zikri aliyoingia na udhu, kwa ruhusa ya sheikh wake.

Jambo moja wazee hawakuwa na jina lake, tunalo sisi. Mtu akihema kwa kasi na kwa kina huku mwili umetulia, kaboni dioksidi hupungua katika damu, mishipa ya ubongo hubana, kichwa huwa chepesi, vidole hufa ganzi na viganja huweza kukakamaa. Haya humpata Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Kwa hiyo si kila anayeyumba kwenye duara amepata hali, na si kila anayelia kwenye mkeka wa hoteli ameona siri. Mwenye kifafa, maradhi ya moyo, presha ya juu, au mama mjamzito, asijaribu kuhema huko bila kumuuliza daktari.

Nilimwambia mzee amjibu mwanawe hivi: babu yako aliuliza kwanza ni nani anayeongoza, amesoma kwa nani, na nini kinatajwa. Kijana akaenda kuuliza hayo kwa wenye kikao. Bado hajaniletea majibu.

Wallahu a'lam.