Taya la Kanam na kidevu kisichokuwapo

Nilipoanza shule huku Migori, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni "neno", kisha akauliza ni nani anayejua maana yake. Sisi tuliolelewa kwa Dholuo tuliinua mikono kwa fahari. "Ni kuona, mwalimu!" tukajibu. Alicheka hadi akatafuta kiti. Katika Dholuo, neno ni kuona, na kwa mtoto aliyetoka nyumbani na lugha moja tu, hakukuwa na maana nyingine ya kuwazia. Masikio yetu hayakuwa na kosa lolote. Ubongo ndio uliokuwa umeshaamua.

Mtu wa Mombasa naye akilisikia jina Homa Bay kwa mara ya kwanza hufikiria joto la mwili na dawa ya malaria. Kumbe Homa hiyo ni mlima, ambao wenyeji huuita Got Uma, na hauna uhusiano na ugonjwa wowote.

Wanafunzi hufundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu, kila mmoja na kazi yake. Lugha zetu hazijawahi kuuheshimu mpaka huo. Mswahili husikia njaa, husikia harufu, husikia baridi. Mjaluo ana kitenzi winjo, ambacho ni kusikia sauti, ni kupata harufu, na ni kuelewa pia. Sidhani huo ni upungufu wa msamiati. Katika karne ya 19, Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyekuwa tabibu na mwanafizikia, alieleza kwamba kuona kwenyewe ni aina ya kukisia ambako hatujui kwamba tunakisia. Kila jicho lina sehemu ndogo isiyoona kitu, pale neva inapotoka kuelekea ubongoni. Mbona basi hatuoni tundu katikati ya dunia? Kwa sababu ubongo huliziba kwa kutumia kilicho kando yake, na kwa yale uliyozoea kuyatarajia. Isitoshe, eneo la ubongo linaloanza kuichambua picha hiyo liko kisogoni, mbali kabisa na macho.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, ambacho kwa maoni yangu kingefaa kusomwa na kila anayejiandaa kuwa mwanahistoria.

Mwezi Machi 1932, kikosi cha Louis Leakey kilikuwa Kanam, kwenye Rasi ya Homa. Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wake, akatoa kipande cha taya kutoka katika tabaka lenye mabaki ya wanyama wa kale sana. Leakey alikuwa na umri wa miaka 28. Taya liliposafishwa, aliona kidevu.

Kidevu si jambo dogo. Sokwe hana. Binadamu wa kale wa jamii nyingine hawakuwa nacho kama chetu. Kwa hiyo kidevu katika tabaka kuukuu vile kilimaanisha kwamba mtu wa aina yetu aliishi kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, wakati ambapo hakuna aliyemtarajia. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge wakayachunguza mabaki hayo na kumuunga mkono. Leakey akampa mwenye taya jina la Homo kanamensis.

Ni muhimu kukumbuka hewa waliyokuwa wakiivuta wasomi hao. Wengi wao walishikilia kwamba binadamu alitangulia kupata ubongo mkubwa, mengine yakafuata. Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, mwaka 1925, wakubwa wa Uingereza walilipuuza. Ubongo ulikuwa mdogo mno. Lakini fuvu la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912, walilikumbatia, maana lilikuwa na ubongo mkubwa na taya la nyani, sawasawa na walivyotarajia. Ilipofika 1953 ikabainika kwamba lilikuwa fuvu la binadamu lililoambatanishwa na taya la orangutani, meno yakasuguliwa kwa tupa. Miaka 40 watu wenye macho mazima walilitazama! Leakey mwenyewe aliamini kwamba ukoo wetu ni mkongwe kupindukia, na Kanam ikampa alichokuwa akikitafuta.

Na kidevu? Taya la Kanam lilikuwa na ugonjwa. Kulikuwa na uvimbe wa mfupa, na hilo halikufichwa. Lilijulikana mapema na kujadiliwa. Hata hivyo waliendelea kuona kidevu. Ilichukua muda hadi Phillip Tobias wa Afrika Kusini alipolichunguza upya, karibu na mwaka 1960, na kuonyesha kwamba umbo lile halikuwa kidevu cha kweli. Taya lenyewe liko London mpaka leo.

Lakini kabla ya hapo Leakey alikuwa ameshaumia. Percy Boswell, profesa wa jiolojia jijini London, hakuridhika, akasafiri hadi Homa mwanzoni mwa 1935 aonyeshwe mahali hasa taya lilipotoka. Leakey hakuweza kumwonyesha. Mvua ilikuwa imeubadilisha mmomonyoko ule, na vigingi vya chuma alivyoviacha kama alama havikuwapo. Picha aliyokuwa ameitumia kama ya Kanam ikagunduliwa kuwa ya mahali pengine. Boswell akachapisha lawama zake katika jarida la Nature mwezi Machi mwaka huohuo.

Boswell naye hakuja na macho matupu. Mabishano yake na Leakey yalianzia kwenye mifupa ya binadamu ya Olduvai, na huko Boswell ndiye aliyethibitika kuwa sahihi: ilikuwa maiti ya baadaye iliyozikwa ndani ya tabaka la zamani. Mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, kama tunavyojua, akiguswa na ung'ong'o hushtuka. Mmoja alikuja kuona kidevu, mwingine alikuja kuona uzembe, na kila mmoja alikipata.

Kinachonikera mimi ni vigingi. Leakey alieleza kwamba wenyeji waliving'oa wakavitumia kwa shughuli zao, na katika masimulizi mengi ya kisa hiki hapo ndipo pekee Wajaluo wa Homa wanapotajwa: eti waliopoteza chuma. Watu walioishi juu ya mifupa hiyo, waliojua kila korongo kwa jina, hawakuulizwa kitu. Nani kati yao alikuwapo siku taya linatoka? Hata Gitau, aliyelitoa, hupitiwa kwa haraka na vitabu vingi.

Linganisha na yaliyotokea karibuni, kwenye rasi hiyohiyo. Mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi na watafiti aliwaambia kwamba kuna mawe na mifupa inayofichuliwa na mmomonyoko karibu na ufuo wa Nyayanga. Safari hii walimsikiliza, kwa maana zote za winjo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Februari 2023: zana 330 za mawe na mifupa 1,776 ya wanyama, wakiwemo viboko waliochunwa kwa mawe makali, vyote vya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Mnamo Agosti 2025 ukafuata utafiti mwingine. Mawe ya karibu na Nyayanga ni laini, hayafai kukata. Mengi ya waliyoyatumia yalitoka mbali, mengine umbali wa hadi kilomita 13.

Fikiria maana yake. Anayebeba jiwe kilomita 13 anabeba pia picha ya nyama ambayo bado hajaiona. Nilipokwenda Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe za hapa Migori zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2018, nilielewa zaidi. Hazina saruji wala udongo wa kushikanisha. Aliyeokota kila jiwe alikuwa ameshaliona pengo litakaloingia, na ukuta ukasimama kwa karne kadhaa. Waliojenga Thimlich walikuwa watu kama sisi. Wa Nyayanga huenda hawakuwa.

Maana pamoja na zana zile yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe mwenye taya kubwa na ubongo usiofika nusu ya wetu. Jiwe la kukatia, mfupa uliokatwa, na meno yale, vyote mahali pamoja. Jicho lolote lingeunganisha nukta hizo papo hapo. Watafiti wameandika kwamba huenda yeye ndiye aliyezitumia zana, lakini kukutwa pamoja hakutoshi kuthibitisha, na hadi sasa hawajampa sifa hiyo.