Vyombo Ambavyo Seremala Hujitengenezea

Wenzangu walimu wa kazi za mikono hunung'unika mara nyingi kwamba vijana hawawezi kufundishwa useremala vema, kwa kuwa vyombo vya dukani vina bei kubwa. Siwalaumu, mimi nami nilinena hivyo. Walakini habari za kazi hii katika pwani yetu zatuonyesha njia nyingine.

Tutazame keke. Ina sehemu nne: kijembe, ndicho chuma kinachotoboa, msukano, ndio mti wa mviringo unaokishika kijembe, jivu (si jivu la moto), ndilo kishikio cha juu ambamo msukano huzunguka, na uta, ambao kamba yake huzungushwa katika msukano, fundi akiuvuta mbele na nyuma. Chuma ni kijembe tu. Yaliyosalia ni mti na kamba, na seremala huweza kujifanyizia. Waunda majahazi walitoboa mbao kwa keke kwanza, ndipo wakagongomea misumari, mbao zisije zikapasuka. Nayo ni kazi ya kale mno: katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri, lililochorwa yapata mwaka 1450 kabla ya Kristo, maseremala waonekana wakitoboa kwa uta namna iyo hiyo.

Maneno nayo yana habari zake. Randa, guni na bikari asili yake ni Kiajemi, bali uta na kijembe ni maneno ya Kibantu. Sisemi kwamba jina latosha kuwa ushahidi, maana watu huweza kukipa chombo cha kigeni jina la nyumbani. Lakini aliyekiita chuma kile jembe dogo hakukiona kuwa kitu cha ajabu kilichotoka mbali.

Hata Marekani randa nyingi zilikuwa za mti. Zile za chuma zilienea hasa baada ya kampuni ya Stanley kununua hati za uvumbuzi za Leonard Bailey mwaka 1869.

Katika karakana moja nilimofundisha, tuliacha kufanya viunzi vya picha mwaka mzima, tukingoja fedha za kununua chombo cha chuma cha kukatia pembe. Siku moja akaja fundi mzee kutengeneza dirisha, akacheka. Alitwaa vipande vitatu vya mninga, akavigongomea kama mfereji, akiangalia misumari isikae katika njia ya msumeno. Juu yake akapiga mistari miwili kwa guni, umbali wake sawasawa na upana wa mfereji kwa nje, kisha akapiga mstari toka pembe hata pembe: hiyo ndiyo digrii 45. Akakata mbavu zote mbili kwa kuufuata.

Kiunzi cha kwanza kiliachama. Alitueleza kwamba kosa la mkato mmoja huwa maradufu vipande viwili vikutanapo. Basi akakata njia mpya kando ya ile ya kwanza, akajaribu tena, akaweka guni, pembe ikakaa. Jua lilikuwa halijafika utosini.

Wanafunzi wangu wawili walikuwa wamekwisha kutoka shuleni kabla ya siku ile. Mmoja nilimkuta baadaye sokoni akiuza samaki. Akaniambia cheti chake cha useremala kimo sandukuni, naye angali akiweka akiba ya kununua vyombo.