Nusu karne ya ubishi juu ya molekuli yenye mianga miwili

Rangi za fluoresensi hunyonya mwanga na kuutoa tena ukiwa na mawimbi marefu zaidi, na umbo la molekuli ndilo huamua mwanga huo uwe wa namna gani na mkali kiasi gani. George Gabriel Stokes aliueleza mng'aro huo mwaka 1852. Adolf von Baeyer akatengeneza fluoreseini mwaka 1871. Hesabu za kwanta za molekuli za aina hii zilifunguliwa njia na Erich Hückel mwaka 1931, na mwaka 1953 Pariser, Parr na Pople wakawezesha kukadiria rangi kwa kukokotoa.

Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa urefu ni cha molekuli ya atomu 21 tu, dimethilaminobenzonitrili, au DMABN. Ni pete ya benzini yenye kundi linalotoa elektroni upande mmoja na kundi linalozivuta upande wa pili. Ikiyeyushwa katika heksani hutoa mwanga mmoja. Katika viyeyushi ambavyo molekuli zake zina upande chanya na upande hasi, hutoa miwili. Ernst Lippert wa Ujerumani, aliyeligundua jambo hilo, alidhani kiyeyushi hubadilisha tu mpangilio wa ngazi za nishati.

Mwaka 1973 Krystyna Rotkiewicz, Grellmann na Zbigniew Grabowski walikuja na hoja nyingine: molekuli ikishapata nishati, kundi linalotoa elektroni, lenye nitrojeni, hujisokota hadi pembe mraba na pete, na elektroni huhamia upande wa pili. Ushahidi wao ulikuwa wa mikono. Nitrojeni ya kundi hilo ilipofungwa ibaki bapa, mwanga wa pili ulitoweka. Kundi liliposokotwa tangu mwanzo, ukabaki huo wa pili peke yake.

Klaas Zachariasse wa Göttingen hakuridhika. Alishikilia kwamba molekuli hubaki bapa, na mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha fluorazini, molekuli iliyofungwa isiweze kujisokota, ambayo bado hutoa mianga miwili. Ni pingamizi zito, ingawa mapitio ya mwaka 2003 ya Grabowski, Rotkiewicz na Rettig, yanayofuatwa na wengi, yanaegemea msokoto.

Kompyuta ziliingia katikati ya ubishi huo. Pembe hubadilishwa hatua kwa hatua kutoka nyuzi 0 hadi 90, na nishati hukokotolewa kila hatua. Serrano-Andrés, Merchán, Roos na Lindh walifanya hivyo mwaka 1995, na matokeo yakaunga mkono msokoto. Mbinu nyepesi zaidi, inayotegemea msongamano wa elektroni, ilipendwa kwa unafuu wake, lakini hukosea elektroni inaposafiri mbali. Mwaka 2004 Yanai, Tew na Handy walitoa marekebisho.

Vitabu vya kiada hupenda kuisifu kompyuta na kuwasahau waliofunga atomu kwa mikono maabarani. Bila wao hesabu zisingekuwa na cha kupimwa nacho.

Faida ya kuuelewa msokoto imeonekana kwenye rodamini, rangi nyingine za fluoresensi. Msokoto hupoteza mwanga, hivyo mwaka 2015 kundi la Luke Lavis nchini Marekani liliweka pete ndogo ya azetidini mahali pa makundi ya dimethilamino. Sehemu ya mwanga ulionyonywa inayorudishwa ikapanda kutoka 0.41 hadi 0.88, na rangi hiyo sasa hutumika kutazama seli hai kwa hadubini.