Mkozaki si Mkazaki

Katika kitabu kimoja cha picha za Vita Kuu ya Kwanza kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, ukurasa mzima umepewa wapanda farasi sita waliosimama mbele ya banda la majani makavu. Kofia zao za kitambaa zimelazwa upande, na chini ya ukingo wa kila kofia limechomoza shungi la nywele. Vitara vyao havina kikinga mkono. Visiginoni hawana vyuma vya kuchochea farasi. Kila mmoja ananing'iniza mjeledi mfupi mkononi. Chini ya picha pameandikwa: "Wakazaki, 1915."

Mwandishi wa makala haya aliwaandikia wachapishaji mara mbili. Jibu lilikuja kwa sentensi mbili: neno limepitishwa na kamati ya istilahi, na kamati haioni sababu ya kulirudia. Basi wacha lirudiwe hapa.

Mkazaki ni mwenyeji wa Kazakhstan, na lugha yake ni Kikazaki. Watu sita wa picha ile si hao. Kila alama waliyoivaa inawataja kuwa askari wa yale majeshi 11 ya Dola ya Urusi ambayo mtu aliyaingia kwa kuzaliwa: Don, Kuban, Terek, Astrakhan, Ural, Orenburg, Semirechye, Siberia, Transbaikal, Amur na Ussuri. Mwanamume wa huko alikwenda vitani na farasi wake mwenyewe, sare yake mwenyewe na kitara chake mwenyewe. Serikali ilimpa bunduki. Jina linalomfaa kwa Kiswahili ni Mkozaki, wingi wake Wakozaki, na hadhi yake Ukozaki.

Anayedhani huu ni ugomvi wa irabu moja na autazame mwaka 1916. Hadi mwaka huo Wakazaki hawakuandikishwa jeshini na Urusi. Mwezi Juni likatoka agizo la kuwachukua wanaume wa Turkestan na wa nyika wakafanye kazi za sulubu nyuma ya mstari wa mapigano, na watu wakaasi. Miongoni mwa waliopelekwa kuuzima uasi ule kwa risasi na vitara walikuwamo Wakozaki, wa Semirechye wakiwamo. Sasa msomaji achukue istilahi ya kamati na kuiandika habari hiyo: Wakazaki waliwaua Wakazaki. Vita vya watawala na watawaliwa vimegeuka ugomvi wa ndugu, na aliyevigeuza si mwanahistoria ila mfasiri.

Kamati ina utetezi wake, na mwandishi ameusikia ukisemwa kwa kujiamini sana katika semina zaidi ya moja: eti Warusi wenyewe husema *kazak*, na sisi hatuna haki ya kulisahihisha neno la watu. Utetezi huu ungekuwa na uzito kama Warusi wenyewe hawangetaabika na neno hilo. Zama za makaisari waliwaita Wakazaki "Wakirgizi", ili tu wasichanganywe na Wakozaki, na kwa kufanya hivyo wakawachanganya na Wakirgizi wa kweli. Mwaka 1925 jamhuri yao ilirudishiwa jina lao lenyewe, na utata ukarudi nalo. Februari 1936 serikali ya Kisovieti ikaamua herufi ya mwisho ya jina la Mkazaki ibadilishwe, iwe *kh* badala ya *k*. Yaani wenye lugha walikata shauri kwamba watu wawili hawawezi kuvaa jina moja. Kamati yetu imewavua hata ile herufi moja waliyoipata.

Asili ya majina yote mawili ni moja, na hapo ndipo utamu ulipo. *Qazaq* ni neno la Kituruki, na maana yake ya zamani ni mtu huru, mtembezi, aliyejitenga na bwana wake. Katika Codex Cumanicus, msamiati wa karne ya 14 unaohifadhiwa Venice, neno hilo limefasiriwa kama mlinzi. Karne ya 15, Janibek na Kerei walipojitoa katika utawala wa Abu'l-Khayr na kuhama na watu wao, waliohama wakaitwa hivyo, na kizazi chao ndicho taifa la Wakazaki. Upande wa magharibi, kwenye nyika za Dnieper na Don, Waslavi waliokimbia utumwa wa mashamba walilipokea neno lilelile kwa sababu lilikuwa limewakaa sawasawa. Waukraine na Wapolandi wakalitamka *kozak*. Wale wa Zaporizhia, ambao ngome yao ilivunjwa kwa amri ya Ekaterina wa Pili mwaka 1775, walijiita hivyo kwa *o*. Irabu hiyo basi haikubuniwa mezani. Ni matamshi ya watu waliolibeba jina karne nyingi, nayo inatupa bure ile tofauti ambayo Urusi ilihitaji amri ya serikali kuipata.

Kuna kundi la pili, lenye nia njema kuliko la kwanza, linaloandika "Wakosaki". *O* wameipata. Kilichowaponyoka ni *z*, na sababu ni kwamba wamelisoma neno badala ya kulisikia. Mfaransa huandika *cosaque*, lakini *s* iliyo kati ya irabu mbili yeye huitamka *z*. Mjerumani huandika *Kosak* na hutamka *z* vilevile. Mwingereza ndiye aliyechukua herufi za Mfaransa, akaziongeza *s* ya pili na kuifanya sauti iwe *s* kweli. Anayeandika "Mkosaki" anakopa kosa la macho la Mwingereza.

Kiswahili hakikopi hivyo. Mreno alipofika pwani na kitu chenye miguu minne alichokiandika *mesa*, wazee wetu hawakuangalia tahajia yake. Walisikiliza kinywa chake, wakasema *meza*. *S* ya Mreno ni ileile ya Mfaransa, na sikio la Mswahili lilishaipatia jibu kabla ya kamati yoyote kuundwa. Pamoja na hayo, "Wakosaki" ni jirani wa karibu mno wa "wakosaji". Mwandishi amewahi kuona makala yake mwenyewe ikichapishwa na kikosi kizima cha Don kikiitwa wakosaji, kwa kuwa mhariri aliona neno geni akalisahihisha. Jambo hilo halikumpendeza wakati ule na halimpendezi leo.

Wa tatu ni wale wasiotaka kukopa kabisa, waliopendekeza "askari huru wa farasi". Hii ni fasili, si jina, tena fasili isiyo kweli. Wakozaki wa Kuban walikuwa na mabatalioni ya plastuni, askari wa miguu waliopigana na Waturuki kwenye milima ya Kaukazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtu wa aina hiyo akipigwa picha kwenye handaki bila farasi, ataitwaje? Na mwingine aliyependekeza "farisi", neno zuri la Kiarabu tulilonalo tangu zamani, amesahau kwamba ufarisi ni ustadi, mtu huupata kwa mazoezi. Ukozaki ulirithiwa.

Turudi kwenye picha, kwa kuwa ndizo zilizoleta maneno haya. Sura ya mtu si ushahidi: jeshi la Transbaikal lilikuwa na Waburyati, na la Don lilikuwa na Wakalmyki, Wakozaki halali wenye nyuso za Asia. Anayeona uso wa namna hiyo akaandika "Mkazaki" amekosea mara mbili kwa neno moja. Ushahidi uko kwenye mavazi. Wakozaki wa nyika walivaa suruali yenye utepe mpana ubavuni: mwekundu kwa Don, wa samawati kwa Orenburg, wa njano kwa Transbaikal. Hapa wengi hupotea, maana vioo vya picha vya zama zile viliona sana buluu na havikuona vizuri nyekundu. Utepe mwekundu wa Don hutoka mweusi juu ya suruali ya buluu iliyofifia, na pengine hauonekani kabisa. Wa Orenburg hung'aa. Wa Kuban na Terek hawakuwa na desturi ya utepe huo. Wao walivaa kanzu ndefu ya Kaukazi, cherkeska, yenye safu za vibweta vya risasi kifuani, na mbele ya kiuno kisu kirefu kilichonyooka chenye makali pande zote mbili, ambacho mtu wa kwetu angekiita sime bila kusitasita. Katika picha za studio, vibao vya mabegani vya Kuban, vilivyokuwa vyekundu, hutoka vyeusi. Vya Terek, vya samawati, hutoka vyeupe.

Cherkeska peke yake haitoshi. Mwaka 1914 iliundwa divisheni ya wapanda farasi wenyeji wa Kaukazi, Wachecheni, Waingushi, Wakabardi, Wadagestani na wenzao, iliyojulikana kama Divisheni ya Porini. Mavazi yao ni yaleyale, na Wakozaki hawakuwa. Pale ambapo kibao cha begani hakisomeki, maelezo yaishie kwenye "wapanda farasi wa jeshi la Urusi". Pale kinaposomeka, yaandikwe "Wakozaki wa Kuban, 1915", basi.

Afrika nayo imo. Mwaka 1897 ujumbe wa Urusi ulifunga safari kwenda Ethiopia kwa mfalme Menelik II, na kikosi cha Wakozaki walioulinda kiliongozwa na Pyotr Krasnov, aliyefika nacho Addis Ababa mwaka uliofuata. Krasnov huyohuyo alikuwa mkuu wa Wakozaki wa Don mwaka 1918, na katika Vita Kuu ya Pili alikuwa upande wa Ujerumani. Waingereza walimkabidhi kwa Wasovieti huko Austria mwaka 1945, pamoja na maelfu ya wenzake waliokuwa Lienz, na Januari 1947 akanyongwa Moscow. Picha za vita hivyo zinataka macho makali zaidi, maana Wakozaki walipigana pande zote mbili na kofia za manyoya zilikuwa za pande zote mbili. Wa upande wa Ujerumani hutambulika kwa ngao ndogo ya kitambaa kwenye mkono wa koti, yenye herufi za Kirusi za jeshi la kwao.

Limebaki suala moja ambalo wapinzani wa neno hili hupenda kulileta mwishoni wakidhani halina jibu. Uajemi ilikuwa na brigedi iliyoundwa mwaka 1879 chini ya maofisa wa Kirusi, ikivaa cherkeska na kuitwa kwa jina hilo. Humo ndimo alimopanda vyeo Reza Khan, aliyekuwa shah mwaka 1925. Je, naye ni Mkozaki? Kiswahili kinajibu kwa kiambishi. *M-* ni kwa aliyezaliwa ndani ya Ukozaki, *Ki-* ni kwa kilichofuata mtindo wake. Ile ni Brigedi ya Kikozaki ya Uajemi, na Reza Khan ni ofisa wake Mwajemi. Vivyo hivyo kwa Nikolai Ashinov, aliyetua na wafuasi wake Sagallo, kwenye ghuba ya Tadjoura, Januari 1889, akidai kuwa kiongozi wa Wakozaki huru, hadi manowari za Ufaransa zilipoipiga mizinga kambi yake mwezi uliofuata. Popote picha yake itakapochapishwa kwa Kiswahili, maelezo yasomeke: "Ashinov, aliyejiita Mkozaki."