Reli Mbili na Mafundi Wake

Wazee wetu wengi walilipanda gari la moshi lililotoka Mombasa kwenda bara, na wengi zaidi waliiona njia yake ikikata mbuga. Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza ni nani waliozipiga zile nguzo za chuma. Nikamjibu, "Wahindi." Akauliza tena, "Kwa nini si babu zetu?" Nikamwambia kwamba nitamjibu kesho. Kesho hiyo imekuwa ndefu, maana jibu halikuwamo katika kitabu chetu cha shule, nami nalilazimika kulitafuta mbali kuliko nilivyodhani.

Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, mkuu wake akiwa mhandisi Mwingereza, George Whitehouse. Reli ikafika Nairobi mwezi Mei 1899, na ukingoni mwa ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwezi Desemba 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi watu wapata 32,000, wengi wao wa Punjab, kwa mkataba wa miaka mitatu. Walikuwamo wachimbaji, na pia wahunzi, waashi, maseremala, makarani na waendeshaji wa magari. Watu wapata 2,500 miongoni mwao walikufa, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao hali ya wagonjwa na vilema. Kila mtu amesikia habari ya simba wa Tsavo wa mwaka 1898, lakini homa na kuhara viliua wengi kuliko simba. Mkataba ulipokwisha wengi walirudi kwao, na wapata 6,700 wakabaki katika nchi hii.

Sasa, kwa nini wao? Wako wasemao kwamba Waafrika walikuwa wavivu. Neno hili lilisemwa na wakubwa wa siku zile, na la ajabu ni kwamba hata sisi wenyewe twalirudia mezani. Tuangalie mambo yalivyokuwa. Bara Hindi lilikuwa na reli tangu mwaka 1853. Upana wa njia uliochaguliwa kwa Mombasa ulikuwa mita moja, ambao ulikuwa umekwisha kutumika katika njia nyingi za huko; basi magari, vyuma, kanuni za kazi na watu waliozizoea vilipatikana pamoja, kama mtu anunuaye jembe na mpini wake. Huku kwetu, miaka ile ya 1897 hadi 1899 ilikuwa ya njaa kuu, ukame na ndui, baada ya ng'ombe kwisha kwa tauni. Mtu mwenye njaa hawezi kuliacha shamba lake akaenda kujifunza kutengeneza mashine, hata kama yuko wa kumfundisha. Tena hakuwako. Serikali ilitaka kufika ziwani upesi, na fundi hapatikani kwa mwaka mmoja. Hata hivyo Waafrika wengi walifanya kazi katika njia ile, wakikata vichaka na kubeba mizigo. Hesabu za Wahindi twazipata, lakini hesabu zao hazikuandikwa kwa uangalifu kama huo.

Je, kufundisha kulikuwa hakujaanza kabisa? Kulikuwa kumeanza, ila kwa kidogo sana. Huko Freretown karibu na Mombasa, tangu mwaka 1875, watu waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Na Buganda alikuwako Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi kwa elimu yake, aliyefika mwaka 1878. Aliwafundisha vijana uhunzi, useremala na kupiga chapa, akafa kusini mwa ziwa mwaka 1890. Alikuwa na kibanda na vyombo alivyovitengeneza kwa mikono yake, na nyuma yake hapakuwa na serikali iliyosema, "Tutakupa vijana mia kila mwaka, nawe tupe mafundi."

Hapa naomba tuvuke bahari tufike Japani, kwa sababu miaka ile ile Mskoti mwingine, mhandisi vilevile, karibu rika moja na Mackay, alipewa kitu hicho hasa. Jina lake Henry Dyer. Lakini habari yake haianzi naye. Yaanza na Mjapani, Yamao Yozo. Mwaka 1863, wakati ambapo Mjapani aliyetoka nchini bila ruhusa alistahili kuuawa, Yamao na wenzake wanne waliondoka kwa siri kwenda Uingereza. Baadaye akafanya kazi mchana katika kiwanda cha meli huko Glasgow, na jioni akaenda darasani. Aliporudi nchi yake ilikuwa na utawala mpya, naye akawa mtu mkubwa katika wizara ya ujenzi. Akasisitiza kwamba lazima kiwepo chuo.

Wajapani hawakukataa wageni. Reli yao ya kwanza, kutoka Tokyo hadi Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872 kwa kazi ya Waingereza, na wageni wengine walilipwa mshahara mkubwa kuliko waziri mkuu wa nchi. Lakini mgeni aliajiriwa kwa muda uliotajwa, na ilijulikana tangu siku ya kwanza kwamba mahali pake patashikwa na mwenyeji. Mwaka 1873 Dyer alifika Tokyo, akiwa na umri wa miaka 24 tu, kuwa mkuu wa chuo cha uhandisi. Mafunzo yalikuwa ya miaka sita: miwili ya elimu ya jumla, miwili ya kazi maalumu, na miwili ya kufanya kazi yenyewe, mikono ikiwa na mafuta. Mwaka 1879 walitoka wanafunzi wa kwanza, na mwaka huo huo Wajapani wakaanza kuendesha magari ya moshi wenyewe. Mmoja wa wale wa kwanza, Tatsuno Kingo, ndiye aliyechora stesheni kuu ya Tokyo iliyofunguliwa mwaka 1914. Mwingine, Tanabe Sakuro, aliyemaliza mwaka 1883, alisimamia mfereji wa kuleta maji ya ziwa Biwa hadi mji wa Kyoto, kazi iliyokwisha mwaka 1890, naye hajafikia miaka 30. Hata Dyer mwenyewe alirudi kwao mwaka 1882.

Nisije nikaonekana nawasifu Wajapani ili kuwadharau wetu. Tofauti ya kwanza ni kwamba Wajapani walijitawala. Aliyeamua kulipa wageni na aliyeamua kufungua chuo alikuwa mtu mmoja, tena mwenye nchi. Huku kwetu aliyeamua alikuwa London, na alipopata fundi wa tayari hakuwa na sababu ya kugharimia mwingine. Ya pili, kusoma na kuandika kulikuwa kumeenea Japani kabla ya mashine kufika, kwa shule ndogo ndogo za vijijini. Chuo cha Dyer kilijengwa juu ya shule hizo. Nasema hili kwa wazazi wanaotaka mtoto aende chuo cha ufundi kwa kuwa "hesabu zimemshinda". Fundi asiyejua hesabu atabaki kuwa msaidizi wa fundi.

Baada ya reli kwisha, kazi zake zilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara kadhalika. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, lakini baada ya miaka kadhaa vijana walipenda zaidi masomo ya kuwatoa makarani na walimu. Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka zaidi ya 85, aliingia karakana moja ya magari ya moshi mwaka 1956. Fundi wake alikuwa Mhindi, mtu asiye na ukali. Kazi ya mzee ilikuwa kushika taa na kuleta spana. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuna aliyemkataza kutazama. Akajifunza, asema, kwa kukumbuka ni spana gani iliyoitwa kwa ugonjwa gani wa mashine. Miaka saba ikapita hivyo, akilipwa sehemu ndogo ya mshahara wa yule aliyemshikia taa. Nalimwuliza kama alimchukia. Akacheka, akasema, "Mwalimu, yule naye alijifunza kwa kumshikia baba yake taa. Mimi nalitaka darasa."

Neno lake lanikumbusha mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Maduka na viwanda viligawanywa kwa siku chache. Ujuzi haukugawanyika, na mashine nyingi zikasimama. Kumfukuza fundi hakumwachii mtu ufundi. Katika miaka ile ile, 1970 hadi 1975, Wachina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Zambia. Wageni walikuja kwa maelfu kama zamani, lakini safari hii vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Hawakutosha, na Wachina walikaa zaidi kuliko ilivyotazamiwa. Hata hivyo mara hii darasa lilikuwako, na walioliomba walikuwa wenye nchi.

Yule mtoto nimempa jibu lake, ingawa alikwisha ingia darasa la saba. Sasa ataka majina ya Waafrika waliofanya kazi katika reli ile ya kwanza, nami sina. Msomaji ambaye babu yake alisimulia habari za kazi hiyo, hata kwa jina la mtu mmoja na mahali alipofanya kazi, na aziandike na kuzituma kwa mhariri, nami nitazisoma darasani.