Kuhamia Burundi na mtoto: mambo ya afya ya kuandaa kabla ya kuvuka mpaka

Akina mama wengi wa Kigoma na Ujiji huvuka kwenda Burundi kumfuata mume, kufanya biashara au kuishi na ndugu. Kuna wanaopita Manyovu kwa gari na wanaopita ziwani kwa boti.

Sheria inasemaje?
Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine bila viza. Akifanya kazi huko kwa kibali, mwenza na watoto wake wanaweza kuishi naye. Bado unahitaji hati ya kusafiria kwa ajili yako na kwa ajili ya mtoto. Ulizia ofisi ya Uhamiaji mapema.

Beba nini?
• Kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Piga picha kila ukurasa wa kadi kwa simu.
• Kadi ya kliniki ya ujauzito, kama una mimba.
• Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Kama una mimba, unanyonyesha, au mtoto hajafikisha miezi 9, zungumza kwanza na mhudumu wa afya.
• Barua ya uhamisho na dawa za kutosha, kama wewe au mtoto mnatumia ARV, dawa za kifua kikuu, kifafa au selimundu. Usikatishe dozi hata siku moja kwa sababu ya safari.

Chanjo ikipitwa je?
Mtoto haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, ndiyo maana kadi ni muhimu. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Kama tarehe imekaribia, mpeleke kliniki kabla ya kuondoka.

Malipo
Bima ya CHF iliyoboreshwa haitumiki Burundi. Tangu 2006 nchi hiyo hutoa bure huduma za uzazi na za watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Ukifika, uliza kituoni kama nanyi mnahusika.

Njiani
Kipindupindu si kigeni katika mwambao wa Tanganyika. Mwaka 2015 kiliwapata wakimbizi waliorundikana Kagunga. Usimpe mtoto maji ya ziwa yasiyochemshwa au kutiwa dawa. Beba maji salama na pakiti za ORS, na endelea kunyonyesha.

Usisubiri kufika
Mtoto akiharisha mfululizo, akitapika kila kitu, akipata degedege, akishindwa kunyonya au akilegea, katisha safari. Mpeleke kituo cha karibu, upande wowote wa mpaka.

Ukishafika, nenda kituo cha afya ndani ya wiki ya kwanza, hata kama mtoto ni mzima. Mwonyeshe muuguzi kadi, mpange tarehe inayofuata.