Bifu la Ndugu Wawili Lililozaa Adidas na Puma, na Jinsi Lilivyowaponza

Ukipita Karume kuchagua raba za mtumba, utakuta mistari mitatu ya Adidas imepangwa ubavuni mwa yule mnyama wa Puma anayeruka. Muuzaji hana ubaguzi, kwake zote ni mzigo. Lakini walioanzisha chapa hizo mbili walitoka tumbo moja, wakalala nyumba moja, wakafanya kazi meza moja, na uzeeni wakaishia kuzikwa mbalimbali ndani ya makaburi yale yale.

Kisa kinaanzia Herzogenaurach, kamji kadogo katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mama alikuwa dobi, na wanawe ndio waliokuwa wakizunguka mitaani kupeleka nguo safi kwa wateja. Mtoto wa mwisho, Adolf Dassler, aliyezaliwa 1900 na kuitwa Adi, alisomea kuoka mikate, ila kichwani mwake kulikuwa na michezo tu.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoisha, Ujerumani ilikuwa hoi. Ngozi hakuna, umeme unakuja na kukatika. Adi akageuza chumba cha mama cha kufulia kuwa karakana. Akaokoteza mabaki ya vifaa vya jeshi, na mashine akaiendesha kwa kukanyaga pedali za baiskeli. Kaka yake Rudolf, aliyezaliwa 1898, akajiunga naye, na Julai 1924 wakasajili kampuni kwa jina la ndugu Dassler.

Kazi waligawana kwa tabia. Adi alikuwa mkimya, fundi hasa, anashona kiatu kisha anakivaa mwenyewe kwenda kukijaribu. Rudolf alikuwa na mdomo, mtu wa watu, yeye ndiye muuzaji. Mwaka 1928 kule Amsterdam, Lina Radke alishinda dhahabu ya mita 800 akiwa na viatu vyao. Mwaka 1936 Jesse Owens alibeba dhahabu nne Berlin, na viatu vya Dassler vilikuwa naye.

Faida ya undugu kwenye biashara ilionekana hapo. Fundi akipata wazo usiku, hana haja ya kuomba kikao. Anagonga mlango wa kaka yake. Hasara ikitokea inabaki ndani ya familia, na kesho wanajaribu tena. Wazo na mtu wa kuliuza vilikuwa chini ya paa moja.

Shida ni kwamba paa lenyewe likawa dogo. Ndugu wote wawili walikuwa wameoa na kuishi nyumba moja, na wake zao hawakuiva chungu kimoja. Siasa nazo zikaingia: wote wawili walijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, na wakati wa Vita ya Pili kiwanda kikageuzwa kutengeneza silaha. Rudolf alipelekwa jeshini, Adi akabaki na kiwanda, na kaka mtu akaamini kuna mchezo umechezwa. Vita ilipoisha, Wamarekani wakamkamata Rudolf. Akaamini mdogo wake ndiye aliyemchoma. Zamu ya Adi kuhojiwa kuhusu Unazi ilipofika, Rudolf naye akasimama kumkandamiza.

Mwaka 1948 wakagawana mali kama watu wanaogawana talaka. Mama alikwenda upande wa Rudolf, dada yao akasimama na Adi. Wafanyakazi wakaambiwa wachague. Mafundi wengi walibaki na Adi, wauzaji wengi wakamfuata Rudolf ng'ambo ya mto Aurach. Rudolf akaipa kampuni yake jina la Ruda, baadaye ikawa Puma. Adi akaunganisha Adi na Das, na mwaka 1949 akasajili Adidas.

Mgawanyo huo ulimwacha kila mmoja na nusu mkono. Adi alikuwa na kiatu kizuri bila watu wa kutosha kukiuza. Rudolf alikuwa na wauzaji wakali na mafundi wachache. Kila mmoja ikabidi ajifunze haraka kazi ambayo zamani ilifanywa na ndugu yake. Upande wa Adi, mkewe Käthe akaingia kwenye biashara mzima mzima. Bifu likawa injini.

Angalia fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 mjini Bern. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeshapigwa 8-3 na Hungary kwenye makundi. Siku ya fainali mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope. Njumu za Adi zilikuwa na meno ya kufunguliwa na kubadilishwa, wachezaji wakawekewa marefu, na Wajerumani wakashinda 3-2. Puma nayo inasema ilikuwa na njumu za aina hiyo tangu 1952. Lakini Rudolf alikuwa amekorofishana na kocha wa taifa, Sepp Herberger, wakati Adi alikaa karibu na timu muda wote. Kama wangekuwa bado pamoja, huenda mdogo mtu angemtuliza kaka. Hakukuwa na mtu wa kumtuliza.

Kisha watoto wakarithi ugomvi pamoja na viwanda. Horst, mtoto wa Adi, alikwenda Melbourne mwaka 1956 akiwa na miaka 20 na kugawa viatu bure kwa wanariadha wa Olimpiki. Upande wa pili alikuwepo Armin, mtoto wa baba yake mkubwa. Wachezaji wakashtuka kwamba familia hii inaweza kukamuliwa. Roma 1960, Mjerumani Armin Hary alishinda mita 100 akiwa na Puma, kisha akapanda kupokea medali akiwa na Adidas! Biashara ya kumlipa staa avae kiatu ilichochewa sana na binamu hawa wawili waliokuwa wakiviziana.

Horst hakupishana na binamu yake tu. Alipelekwa Ufaransa kusimamia tawi, na huko mbali na macho ya wazazi akaanza kufanya mambo yake. Wazazi walifikiri viatu, yeye akafikiri michezo yote. Mwaka 1973 akaanzisha Arena, chapa ya nguo za kuogelea. Mtoto alikuwa na maono, ila nyumbani hapakuwa na nafasi ya kuyasema, kwa hiyo ubunifu wake mwingi ukafanyika nyuma ya mgongo wa baba na mama.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Huku Ulaya jembe lilishikwa na jirani wa mbali. Wakati ukoo wa Dassler ukichunguzana kutoka kingo mbili za mto mmoja, Marekani kocha wa riadha Bill Bowerman na mwanafunzi wake wa zamani Phil Knight walianza mwaka 1964 kwa kuuza raba za Kijapani. Bowerman akamimina mpira kwenye chuma cha mke wake cha kuokea vitafunwa, akapata soli mpya. Watu wa kawaida wakaanza kukimbia mitaani kwa ajili ya afya, na raba walizotaka zilikuwa nyepesi. Kufikia 1980, Nike ilikuwa imeipita Adidas katika soko la Marekani. Kila upande wa mto ulikuwa umezoea kumwogopa ndugu, na mgeni akapita katikati.

Rudolf alifariki 1974, Adi 1978. Horst aliyekuja kushika usukani alifariki 1987, akiwa na miaka 51 tu. Mwaka 1989 watoto wa Rudolf waliuza sehemu kubwa ya hisa zao za Puma. Mwaka 1990 dada zake Horst wakauza Adidas kwa mfanyabiashara wa Kifaransa, Bernard Tapie. Chapa zote mbili ziko hai na bado zina makao pale pale Herzogenaurach, ila hakuna Dassler anayezimiliki. Mwaka 2009 wafanyakazi wa pande zote mbili walicheza mechi ya kirafiki kuadhimisha amani. Ndugu wenyewe walikuwa wameshalala, kila mmoja kona yake ya makaburi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ushindani wa ndugu unakuza biashara, mkubalie nusu. Ulizaa njumu bora, ulizaa staa wa kulipwa, ulizaa chapa mbili za dunia. Ila biashara ikianza kubuni kwa ajili ya kumkomoa ndugu, mteja anasahaulika. Na mteja akisahaulika, hatangazi bifu. Anavaa kiatu cha mwingine, anaondoka zake.